Jina Nililoliondoa Katika Wimbo wa Baba

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu nalisalimu goti lako, kwa sababu najua wewe ukiulizwa habari utasema ni nzuri tu, lakini goti halijui kudanganya. Je, bado linakuuma ukipanda kutoka ziwani? Macho ya Bibi yanaendeleaje? Na mdogo wangu Zuhura, ameacha kulia kila akiona somo la hesabu? Mwambie dada yake alikuwa hivyohivyo, na sasa anajua hata kugawanya desimali.

Sisi huku tu wazima. Mdogo wako, Mama mdogo, amenenepa kidogo na hataki kuambiwa. Mume wake, Baba mdogo Shabani, bado anatengeneza magari nyuma ya nyumba, kwa hiyo hata chai yetu inanuka oili. Siku nyingine tunasikia milio kutoka milimani, lakini si kama mwaka jana. Redio inasema wakubwa wanazungumza na vita viko karibu kwisha. Mama mdogo anasema, "Bazungumze. Mi nitaamini siku nitalala na viatu vyangu chini ya kitanda, si miguuni."

Shuleni nasoma vizuri. Wenzangu wananiita Mutanzania kwa sababu ya Kiswahili nilichofundishwa huko Ujiji. Nikisema "hapana", Nadia, yule ninayekaa naye dawati moja, anaruka na kusema, "Sikilizeni redio! Sema tena habari, Mutanzania!" Zamani nilikuwa nakasirika. Sasa namsomea taarifa ya habari ya uongo hadi anacheka na kushika tumbo.

Mama, hizo ni salamu. Sasa kaa chini. Ukiwa unasoma mbele ya Bibi, umalizie baadaye peke yako.

Nimeiona inanga ya Baba.

Siyo inanga inayofanana nayo. Ni yenyewe. Zuhura, aliyezaliwa Ujiji, hajawahi kuiona, kwa hiyo siku moja mweleze: ni ubao mrefu uliochongwa kwa ndani kama sinia, na uzi wa mshipa wa ng'ombe unapita huku na huko hadi unakuwa nyuzi nyingi. Mwambie pia kwamba anayeipiga haimbi kwa sauti. Ananong'ona. Ukisimama mlangoni unadhani upepo umeingia kwenye nyasi. Ukitaka maneno, lazima usogee, na wenzako nao wasogee, mpaka vichwa vyenu viguse ubao na mnusane jasho. Ndivyo tulivyokuwa tunakaa nyumbani kwetu Bwiza jioni, mimi nikiwa kwenye mapaja ya Baba, nyuma ya inanga.

Niliijua kwa meno yangu. Unakumbuka ulivyokuwa unagombeza kwamba nilipoota meno niliacha mkate nikatafuna ukingo wa inanga? Alama zile ziko mahali pake, nne juu na mbili chini, zimekuwa nyeusi kwa sababu ya mikono. Niliweka kidole changu hapo.

Na aliyekuwa ameishika ni yule wa sikio.

Unajua ninamsema nani. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, seremala, yule ambaye sikio lake moja lilikufa tangu utoto, na Baba akamwekea kigoda chake peke yake, karibu kuliko wote, ili sikio lake zima liwe mdomoni pa Baba. Jina lake sitaliandika hapa. Ukifika mwisho utajua sababu.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wetu wa Kirundi, Madamu Konsolata, ameanzisha klabu ya muziki wa zamani kila Jumatano alasiri. Tumo watoto wa mitaa mbalimbali, wa Buyenzi, wa Ngagara, wa Kinama, wa Musaga, wengine ambao tangu vita vianze kaka zao hawawezi kupita kwenye barabara ya wenzao. Madamu ni mtu mwema sana, Mama. Macho yake yanalowa haraka. Siku ya kwanza alituambia, "Watu ambao wamelia pamoja kwa ajili ya wimbo mmoja, mikono yao haiwezi tena kuinukiana. Muziki umeshawafanya kuwa ndugu."

Niliinua mkono. Nikasema, "Madamu, na kama mkono umeinuka?"

Akafikiri, kisha akanijibu kwa upole, "Basi huyo hakusikiliza vizuri."

Niliandika jibu hilo kwa sababu tumefundishwa kuandika majibu ya mwalimu. Lakini nilijua si kweli. Najua mtu aliyesikiliza vizuri kuliko sisi sote. Nilimwona machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu, Baba alipofika kwenye wimbo wa Ruvubu, ule wa wasafiri wawili wanaovuka mto usiku wa mvua. Wewe ulikuwa ukimpa kona ya kitenge chako ajifute. Na ni yeye aliyewaonyesha wauaji wa Baba mlango wetu wa nyuma.

Mama, siku ile ulinibeba ukakimbia kupitia migombani, na wewe ulikuwa unaangalia mbele. Mimi nilikuwa mgongoni kwako, naangalia nyuma. Nilipokwambia Ujiji kwamba nilimwona akitangulia wale vijana, akizunguka nyumba na kuwaonyesha kwa mkono, uliniambia, "Nyamaza, ulikuwa mdogo, hukuona kitu." Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu sasa. Lakini niliona. Mlango ule ulifunikwa na magunia, ulikuwa hauonekani kutoka barabarani. Baba alikuwa amejificha nyuma yake. Nani mwingine aliujua isipokuwa mtu aliyekuwa akiingia kwetu kila jioni?

Nirudi kwenye Jumatano. Madamu alimleta kutoka Ruziba, ambako siku hizi anatengeneza mitumbwi. Amezeeka. Ananuka lami na mbao mbichi. Hakunijua, kwa sababu nilikuwa mtoto wa miaka mitano na sasa ni msichana mrefu mwenye kitambaa kichwani, na shuleni natumia jina la babu yako. Alikaa, akaweka inanga mapajani, akasema nyimbo hizi alizipata kwa rafiki yake, mtu wa Bwiza, ambaye amekufa.

Nadia akauliza, "Alikufa na nini, mzee?"

"Vita," akasema.

Alisema hivyo kama mtu anayesema malaria.

Kisha akapiga wimbo wa Ruvubu. Tukasogea. Mama, ni vidole vya Baba vilivyokuwa mle ndani! Pale Baba alipokuwa anasubiri kidogo, naye alisubiri. Pale Baba alipokuwa akivuta pumzi kwa pua, naye alivuta. Nikafumba macho na nilikuwa nyumbani. Machozi yalitoka bila mimi kuyapa ruhusa, na nilimchukia kwa hilo kuliko kwa mambo mengine yote siku hiyo, kwamba ana uwezo wa kunirudisha kwetu.

Unakumbuka mahali ambapo msafiri wa mbele anamwita mwenzake? "Sogea, fulani, maji yamefika kiunoni, tushikane." Baba hakuwa na jina moja la kuweka pale. Aliweka jina la mtu aliyekaa karibu naye kuliko wote jioni hiyo. Nikiwa mapajani aliweka langu, "Sogea, Mwamini." Lakini jioni nyingi aliyekuwa karibu ni yule, kwa ajili ya sikio lake. Basi yeye aliupokea wimbo jinsi alivyousikia. Alipofika pale akanong'ona jina lake mwenyewe.

Watoto wakacheka. "Mzee anajiita! Mzee anajiita mwenyewe kwenye maji!"

Yeye hakucheka. Akasema, "Ni vile walinipa. Jina iko ndani ya wimbo."

Hajui, Mama. Miaka yote hii anadhani Baba alimtungia yeye. Anazunguka na sauti ya Baba inayomwita asogee, na kila anapoipiga anaitwa upya. Baba yuko wapi? Hata kaburi hatuna. Lakini yeye anaitwa.

Nilifika nyumbani nikajilaza na sare ya shule. Mama mdogo akadhani ni malaria, akanishika paji la uso. Nikamwambia yote isipokuwa jina. Sikujua kwamba Baba mdogo alikuwa chini ya gari karibu na dirisha. Alitoka na mikono yake myeusi, akaketi mbele yangu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Unajua kaka yake mwenyewe alichukuliwa barabarani na hakurudi, na unajua ana marafiki wenye silaha ambao husimama pale gereji wakisubiri matairi.

Akasema, "Mwamini, mi sikuulize mengi. Nipe jina, nipe na mahali anakaa. Basi."

Mama mdogo akasema, "Shabani, huyu ni mutoto."

"Ni mutoto wa nani? Si wa Laurenti? Mutoto wa Laurenti anipe jina."

Mama, sitakuficha. Nilifurahi. Nilihisi kama mtu ameniondolea jiwe kifuani. Nilikuwa na jina lile mdomoni na nilijua kwamba nikilitema tu, Jumatano inayofuata hakutakuwa na mtu wa kutoka Ruziba. Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka nyimbo. Wa Ruvubu, wa ng'ombe aliyepotea kwenye ukungu, wa mama mkwe, ule wa kijiko uliokuwa unaupenda wewe. Zote ziko kichwani mwa mtu mmoja tu duniani. Wakikipiga risasi kichwa kile, wanampiga Baba mara ya pili.

Nikamwambia Baba mdogo, "Nitakupa. Lakini nimalize kwanza kumnyang'anya."

Akanitazama sana, kisha akasema, "We ni hatari kuliko mi."

Kuanzia hapo nilikuwa mwanafunzi bora wa klabu. Nilimwomba anifundishe kupiga. Akakunja uso. "Musichana na inanga? Nani aliona?" Madamu akasimama upande wangu, akatoa hotuba nzima kuhusu wasichana, na mzee akainua mikono kama mtu aliyekamatwa. Tangu siku hiyo kila Jumatano nilikaa naye, ubao ukiwa kati yetu, paji langu la uso likikaribia ndevu zake. Nilikuwa nasikia tumbo lake likinguruma. Nilijua kama amekula samaki au maharagwe. Hakuna mtu ambaye nimekaa naye karibu hivyo tangu nilipoacha kulala nawe kitanda kimoja.

Alinifundisha vizuri, siwezi kusema uongo. Nilipokosea hakunipigia kelele, aliweka kidole chake juu ya changu na kukisukuma polepole. Siku nilipoweza wimbo wa ng'ombe mpaka mwisho, alipiga goti lake na kusema, "Ee, huyu alizaliwa nayo!" Nikatabasamu naye, Mama. Tulikuwa na furaha moja kwa wakati mmoja, ya kweli kabisa, na ndani yake mimi nilikuwa nahesabu nyimbo zilizobaki kabla sijampeleka kwa Baba mdogo. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana. Ndipo nikaanza kuelewa jinsi yeye naye alivyoweza.

Madamu alikuwa akitutazama na kufuta miwani. "Mnaona?" aliwaambia wengine. "Mzee wa Ruziba na mtoto wa Buyenzi. Mnaona?"

Wiki tatu zilizopita tulialikwa Kibenga, kwenye nyumba kubwa karibu na ziwa, ambako wageni wanaosaidia shule walitaka kuona kazi ya klabu. Tulipelekwa kwa gari la shule mchana. Kulikuwa na baraza pana na majani yaliyokatwa vizuri, na watu waliovaa viatu visivyo na vumbi. Walipoambiwa wasogee ili wasikie, waliona haya kwanza, kisha wakashuka kutoka kwenye viti vyao wakakaa chini kwenye mkeka, mabwana na mabibi, wakagusana mabega na sisi. Madamu alipanga kwamba mzee apige nyimbo mbili, kisha mimi nipige Ruvubu. Yeye akakaa mbele yangu, kichwa chini, sikio lake zima likinielekea, kama zamani.

Sikuwa nimepanga, Mama. Nataka uniamini. Nilipanga tu kutokosea. Lakini nilipokaribia mahali pale niliona anavyofumba macho, na midomo yake ikajiweka tayari kupokea jina lake. Alikuwa anasubiri kuitwa. Na aliyekuwa anatakiwa kumwita sasa ni mimi, mtoto wa mtu yule, kwa kidole changu na pumzi yangu.

Nikanong'ona, "Sogea, Laurenti, maji yamefika kiunoni, tushikane."

Alifumbua macho. Alinitazama, akatazama vidole vyangu, kisha akatazama ukingo wa inanga mahali pa meno, kama mtu anayesoma. Nikaona jinsi anavyofika kujua mimi ni nani. Sikuondoa macho yangu kwake mpaka wimbo ukaisha. Wageni walipiga makofi. Bibi mmoja alikuwa analia na Madamu alikuwa analia, wakashikana mikono, watu ambao hawakujuana asubuhi. Sikuwacheka. Nadhani walikuwa karibu kweli kwa wakati ule. Lakini kati yangu na mzee hakukuwa na nafasi ya kupitisha karatasi, na nilitamani azame.

Wenzetu walipokwenda kunywa fanta, alibaki amekaa mkekani. Nikabaki.

Akasema, "We ni kale katoto ka mapajani."

"Ndiyo."

"Mama yako?"

"Hilo usiulize."

Akatazama mkeka. Kisha akasema, "Walinikuta kwangu. Walisema, we ni rafiki yake, we unajua milango. Walinitanguliza mbele."

Nikasema, "Ungesema hujui."

Akasema, "Ningesema."

Nilisubiri aongeze kitu. Niliombea aongeze, aseme walimwekea panga shingoni, aseme walikuwa na mtoto wake, ili nipate kumwita mwongo. Hakuongeza. Alisema tu, "Inanga niliichukua. Walitaka kuchoma kila kitu. Niliiokoa."

Nikasimama. Mama, umenifundisha nisiwajibu wakubwa nikiwa nimesimama na wao wamekaa. Nilisimama. Nikasema, "Ulimwacha yeye ukaokoa ubao."

Aliweka mkono juu ya sikio lake zima, kama linauma. Halafu akaisukuma inanga kuelekea miguuni pangu. "Chukua. Nakupa."

"Hunipi. Ni yetu."

"Ni yenu," akasema. Nilipokwisha kuibeba akaniita. "Mutoto. Uliniondoa."

"Nimekuondoa."

"Ile jina... Baba yako aliiweka mwenyewe. Kwa mdomo wake. Mi sina kitu kingine chake. Mara moja tu, uniweke. Mara moja, mi nisikie, basi."

"Hata mara moja," nikasema. "Baba aliweka jina la yeyote aliyekuwa karibu naye. Alikuita kwa sababu ulikuwa karibu. Hakuna aliyekuwa karibu kama wewe."

Nilidhani nitamwambia kwa ukali, lakini ilitoka kwa kunong'ona, kwa sababu nilikuwa bado na pumzi ya wimbo. Akainamisha kichwa mpaka ndevu zikagusa mkeka.

Nimelifikiria sana jibu lile la Madamu tangu siku hiyo, na nikiulizwa kwenye mtihani nitaandika hivi. Ukaribu ule wa Bwiza haukuwa wa uongo. Alimpenda Baba, na machozi yake yalikuwa machozi. Ndiyo maana simsamehe. Angekuwa mtu wa kujifanya, ningemhesabu pamoja na wale vijana ambao hata sura zao sizijui. Wimbo ulimsogeza hadi mdomoni pa Baba, kisha asubuhi moja akatumia miguu yake mwenyewe kuzunguka nyumba. Wimbo hauna mikono ya kumshika mtu shati. Sijui kama Madamu atanipa alama nzuri.

Nilirudi Buyenzi na inanga kwenye kitenge. Baba mdogo alikuwa uani anafunga nati. Aliiona, akajua. Akafuta mikono polepole, akasema, "Umemaliza kumnyang'anya?"

"Nimemaliza."

"Sasa jina."

Mama mdogo alikuwa anachambua mchele. Akaacha. Nilisikia hata punje zikianguka kwenye ungo.

Mama, nilikuwa na haki. Najua nilikuwa nayo na bado ninayo. Usiku mwingine naamka na hasira hadi nauma mto. Lakini nilipotaka kulitamka niliona kwamba kama nikimpa Baba mdogo, jina lile litaanza kutembea. Litatajwa gereji. Litatajwa Ruziba, litaliliwa kanisani, wanawe watalibeba, na siku moja mtoto wake mmoja naye atatuzungukia nyumba. Litakuwa kubwa. Mimi nataka liwe dogo. Nataka lisiwe mahali popote.

Nikasema, "Baba mdogo, jina lile nimelitoa kwenye wimbo wa Baba. Siliweki tena mahali popote. Wala sikioni mwako."

Alikasirika. Alipiga boneti ya gari la mtu kwa spana. Akasema nimesomeshwa mpaka nimeharibika. Kwa siku mbili hakuzungumza nami. Siku ya tatu alileta kipande cha mshipa wa ng'ombe kutoka kwa mchinjaji, akaukausha juani mwenyewe, akabadilisha uzi uliokuwa unakaribia kukatika. Mimi nikamwekea chai.

Kwa hiyo umeelewa kwa nini sikuliandika. Nakuomba na wewe usilitaje. Hata ukiniandikia kwamba uliniamini.

Lakini bado halijaisha. Jumatano iliyopita nilikuwa mbele ya klabu, mimi sasa ndiye ninayewafundisha, naye akaja. Sikutegemea. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Madamu akashangilia, akamtafutia kigoda. Nikasema, "Madamu, acha nimkalishe mimi." Nikaweka kigoda ili sikio lililokufa ndilo linielekee. Nilikiweka karibu, karibu sana, mtu yeyote angedhani ni heshima. Yeye alijua. Angeona midomo yangu ikienda na asingesikia neno.

Alikaa. Nilianza kupiga. Baada ya kitambo akainuka, akakigeuza kigoda chake, akakaa akitupa mgongo sisi sote, uso ukutani, ili sikio zima liwe upande wangu. Watoto walicheka sana. "Mzee, ukuta unaimba?" Nadia akauliza. Nilikuwa naona shingo yake tu, na mikunjo yake, na mabaki ya lami kwenye kola.

Nilikuwa na uwezo wa kunyamaza. Ningeweza kusema nimechoka. Ningeweza kumwambia Madamu yote pale pale. Nilipofika kwenye maji nilisita kidogo kuliko Baba alivyokuwa anasita, na mgongo ule ukasimama kama ubao. Nikaweka jina lako. "Sogea, Mama Mwamini, maji yamefika kiunoni, tushikane." Mabega yake yakashuka. Lakini hakuondoka, na mimi sikumwambia aondoke. Alikaa hivyo, uso ukutani, mpaka nyimbo zote zikaisha.

Sijui nitafanya nini akija tena Jumatano hii. Nafikiri kigoda nitakiweka palepale. Akitaka kukigeuza, akigeuze.

Mama, nina swali moja na nakuomba unijibu kwa mkono wa huyo mama mwuza vitenge anayekuletea barua hii, maana atarudi kwa boti baada ya sikukuu. Je, Baba aliwahi kuweka jina lako? Ninajaribu kukumbuka na nasikia la yule, na langu, lakini lako silisikii. Ulikuwa daima jikoni, ukija na chai wimbo umeshapita mto. Kama hakuwahi, basi mimi nimekuweka na sitakutoa. Nikija likizo nitaibeba inanga, tutakaa uani kwa Bibi, na Zuhura atakaa mapajani hata kama ni mkubwa na ataona haya. Nitamwita kwa jina lake. Yeye hajawahi kuitwa.

Nisalimie Bibi, na umwambie kitambaa chake cha kichwa ndicho ninachovaa nikipiga. Msalimie mjomba fundi baiskeli na mke wake aliyenifundisha kusuka. Msalimie mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili pale Ujiji, mwambie Mutanzania wake hajasahau. Mama mdogo na Baba mdogo wanakusalimu sana. Baba mdogo anasema goti ulipake mafuta ya breki, na Mama mdogo anasema usimsikilize.

Jitunze, Mama. Ukisikia upepo kwenye nyasi, sogea.

Ni mimi mwanao, niliyekuwa mgongoni kwako,
Mwamini